Nimenunua ua la "Sultani wa Zanzibar" la 1882 kwa pauni 18. Nimepigwa?

karafuu_maji (mleta uzi)
Assalaam alaykum wadau, na hamjambo wote. Mimi si mtaalamu wa sanaa, ni mpenda maua tu. Nimezaliwa Unguja, sasa niko Leicester mwaka wa tisa.

Jumapili nilikwenda kwenye gulio la vitu vya zamani, wale wanaofungua buti za magari wakatandaza masahani na vitabu. Mzee mmoja alikuwa na boksi la karatasi za maua. Napekua, napekua, macho yakagota kwenye maandishi haya: Impatiens Sultani. Sultani! Nikauliza Sultani gani. Akasema wa Zanzibar, nikahisi masikio yananichemka.

Kaniambia ni mchoro uliochongwa kwenye bamba la shaba mwaka 1882, kisha ukapakwa rangi kwa mkono. Alitaka 25, tukaelewana 18. Karatasi ni ndogo kuliko A4, imekuwa na rangi ya maziwa ya chai. Juu kuna namba 6643. Chini kuna majina madogo ya waliochora na waliochapa, na katikati L. Reeve & Co. London. Ua lenyewe ni jekundu la waridi, bapa, na nyuma lina kamkia kembamba karefu. Ukingo wa kushoto umechanikachanika kidogo.

Maswali yangu: ni shaba kweli? Rangi ni ya mkono kweli? Na huyu Sultani aliingiaje kwenye ua?

Kinyozi wa Kona
Pauni 18 kwa karatasi ya ua lililokufa enzi za Barghash? Dada, mimi nina kalenda ya 2011 ina maua 12, nakuuzia kwa 10 na posta juu yangu.

Mpiga Chapa
Mleta uzi, Kinyozi tumsamehe, ndiyo riziki yake.

Nimefanya kazi kiwandani kwa miaka mingi, kuchapa ndiko ninakojua. Tuanze na shaba. Fundi wa zamani alichukua bamba la shaba lililosuguliwa likawa kama kioo. Akachonga mistari kwa kijipatasi chenye ncha kali, au akaiacha tindikali iitafune shaba. Wino ukapakwa bamba zima, ukafutwa, ukabaki ndani ya mifereji peke yake. Halafu karatasi iliyoloweshwa kidogo ikawekwa juu, vyote vikapitishwa kwenye mashine ya magurudumu mawili mazito. Karatasi inabonyezwa mpaka inaingia kwenye mifereji na kuutoa wino.

Kwa hiyo shaba huacha ushahidi mara mbili. Kwanza, kuzunguka picha kuna alama ya mbonyeo, mstari wa mstatili, kama sahani ilikandamizwa pale. Pili, wino unakuwa umeinuka. Pitisha ukucha taratibu pembeni, usipitishe kwenye rangi, utauhisi kama uzi. Angalia hayo mawili urudi. Na tafuta kioo cha kukuzia, kile cha masonara.

karafuu_maji
Nimerudi. Jirani yangu anatengeneza saa, kaniazima kioo.

Alama ya mbonyeo hakuna. Nimeilaza karatasi dirishani ili mwanga uipige kwa ubavu, ni tambarare kama meza. Wino haujainuka. Na mistari chini ya kioo haina ncha kali, ina vichengachenga, kama mtu aliyechora kwa kalamu ya nta kwenye ukuta wa chokaa. Basi nimepigwa, au siyo? Semeni tu.

Mpiga Chapa
Hujapigwa. Muuzaji ndiye hajui anachouza. Hicho ulichoeleza, vichengachenga kama nta, ni chapa ya jiwe, litografia. Aliigundua Senefelder huko Bavaria mwishoni mwa karne ya 18. Unachora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililonyooshwa, unalimwagia maji, unapitisha wino wa mafuta. Penye mchoro wino unashika, penye maji unakataa. Hakuna kuchonga wala kubonyea. Ni ule ugomvi wa mafuta na maji tu unaofanya kazi yote.

Masoko ya mitumba yote duniani wanaita kila kitu cha kale "cha kuchongwa" kwa sababu neno linauza. Kwa kitabu cha 1882 ningeshangaa kama ingekuwa shaba. Sasa la rangi namwachia mwingine, mimi wino mweusi ndio ulinilea.

Mama Vitabu
Nimeona namba 6643 na L. Reeve nikacheka peke yangu. Nimetumikia maktaba ya chuo, chumba cha kurekebisha vitabu. Karatasi yako naijua imetoka wapi, mwanangu. Hilo ni jarida la Curtis la mimea.

William Curtis alikuwa mtu wa dawa na mimea London. Mwanzo alitoa kitabu kikubwa cha magugu na maua ya porini yanayoota pembezoni mwa jiji lile, Flora Londinensis, kuanzia 1777. Kazi safi ajabu, ikamtia hasara. Nani anunue picha ya gugu analolikanyaga kila siku? Mwaka 1787 akageuza: jarida dogo la kila mwezi, picha tatu, shilingi moja, maua ya kigeni ambayo wenye bustani walitaka kujionyesha nayo. La kwanza lilikuwa irisi ya Uajemi. Likauzika, na linatoka mpaka leo chini ya Kew, ile bustani ya kifalme ya mimea huko London.

Sasa sikiliza hili. Picha za jarida lile zilipakwa rangi kwa mkono toka 1787 hadi 1948. Mtu wa vita kuu ya pili ya dunia alikuwa bado anafungua jarida na kukuta rangi ya brashi! Uchapaji wenyewe ulianza na shaba, ukahamia kwenye jiwe miaka ya 1840, lakini brashi haikuondoka. Iliondoka walipokosa watu wa kuishika.

Kwa hiyo muuzaji alikosea la shaba, la mkono akapatia. Hakikisha lakini. Weka kioo kwenye ua, si kwenye mstari. Ukiona vinukta vya samawati, waridi na njano vimepangwa kama chandarua, hiyo ni nakala ya mashine ya juzi. Rangi ya mkono haina nukta. Imetanda kama chai iliyomwagika, pengine imevuka mstari, pengine haikuufikia. Mahali penye kivuli cha jani utakuta tabaka la pili juu ya la kwanza. Sehemu nyingine inang'aa kidogo ukiigeuza kwenye mwanga, hiyo ni gundi ya mgunga waliyochanganya na rangi.

karafuu_maji
Mama Vitabu, mikono inatetemeka hapa. Hakuna nukta! Rangi imetanda. Na kuna jani moja chini kulia, kijani kimetoka nje ya mstari kama upana wa unywele. Na petali moja ina doa dogo jeupe, brashi haikufika.

Huyo alikuwa nani? Aliyechora mwenyewe?

Mama Vitabu
Hapana. Aliyechora alichora mara moja, basi. Picha moja ya mfano ilitiwa rangi kwa uangalifu ikaidhinishwa, ikapelekwa kwa watia rangi. Hao walikuwa mezani, mfano mbele yao, na rundo la karatasi. Karibu wote katika kazi hii kwa ujumla walikuwa wanawake, na kwenye karakana nyingi hata watoto. Mara nyingi mmoja alipaka kijani tu, akasukuma karatasi kwa mwenzake wa nyekundu. Mwezi mzima unapaka jani lile lile mara elfu na zaidi.

Jina la mchoraji liko chini ya karatasi yako. La mchapaji lipo. La mchapishaji lipo. La aliyeweka rangi halipo na halikuwahi kuwekwa. Lile doa jeupe ndiyo sahihi yake.

Kinyozi wa Kona
Mama, umenifanya nifute mzaha wangu wa pili. Ulikuwa mzuri lakini.

Kibokoni_Msa
Salaam kwenu. Na mimi nijibu la Sultani kidogo, maanake hapo ndipo utamu ulipo.

1882 kiti kilikuwa cha Sayyid Barghash bin Said, alitawala 1870 mpaka 1888. Ndiye aliyejenga Beit al Ajaib. Balozi wa Uingereza hapo Unguja alikuwa John Kirk, ambaye kwa asili ni tabibu na mtu wa mimea, aliwahi kusafiri na Livingstone safari ya Zambezi. Siasa mchana, maua jioni. Kirk ndiye aliyekuwa akipeleka mimea Kew kwa Joseph Hooker, na Hooker ndiye mhariri wa jarida hilo miaka hiyo. Ua lilipochanua kwao, Hooker akalitoa kwenye jarida na kulipa jina la Sultani wa Zanzibar kwa heshima. Sasa na wewe jiulize, heshima hiyo ilikuwa ya Sultani au ya Kirk kumfurahisha Sultani? Mie siapi.

Lakini subiri, kuna kichekesho. Hooker huyo huyo alikuwa ameshauelezea mmea huo mwaka 1868 akaupa jina la Horace Waller, mmisionari wa Kiingereza aliyekuwa Afrika ya Kati. Impatiens walleriana. Akaja 1882 akaona kama mmea mwengine. Wataalamu walipotambua ni mmoja, sheria ya majina ya mimea ikafuata mkondo wake: jina la mwanzo ndilo linalobaki. Sultani akapoteza ua lake, akabaki nalo mmisionari. Karatasi yako, dada, ina jina ambalo vitabu vya leo vimelifuta.

karafuu_maji
Kwa hiyo Sultani kapinduliwa mara mbili 😂

Hivi hili ndilo lile ua linalouzwa hapa kwenye kila duka la bustani, visanduku sita sita, majira ya joto? Nimelipanda miaka mitatu kwenye baraza langu bila kujua tunatoka nyumba moja.

Kibokoni_Msa
Ndilo hilo hilo. Limezunguka dunia nzima. Tumba lake la mbegu likikomaa ukiligusa linapasuka na kurusha mbegu, ndiyo maana likaitwa Impatiens, lisilo na subira. Kwetu watoto hulibana makusudi.

Mjukuu wa Usambara
Mmenikumbusha mbali. Hapa kwetu Usambara tuna msiba kama huo huo wa majina. Kuna kale kaua ka zambarau kenye majani ya manyoya, kanaota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alipeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akakaita Saintpaulia ionantha. Miaka miwili baadaye, 1895, kakatokea kwenye hilo hilo jarida la mleta uzi, picha namba 7408. Wajerumani wanakaita mpaka leo "urujuani wa Usambara", angalau wao walitutaja. Waingereza wakasema la Afrika, basi, bara zima.

Nalo limebadilishwa: tangu 2015 wataalamu wameliingiza kwenye jenasi, yaani ukoo mdogo wa mimea inayofanana, ya Streptocarpus. Baron naye kaondolewa kwenye jina la jenasi. Subira tu, kila mtu anafikiwa.

Ninachotaka kusema, mimi picha hiyo naitamani kuliko gari. Dada ukiiona kwenye lile boksi usiiache.

Mzizima Asilia
Naona mnashangilia. Mbegu zilitoka kwetu, jina likawa la Baron na la mmisionari, picha zikapakwa rangi London, na leo Mzanzibari anainunua kwa pauni 18 kwenye gulio. Na mnampongeza! Mtu aliyemwonyesha Baron maua yalipo anaitwa nani? Mtu aliyemchukulia Kirk mmea bondeni anaitwa nani? Mama Vitabu kasema vizuri kuhusu aliyetia rangi, basi kuna wawili wasio na jina kwenye karatasi moja, mmoja huko na mmoja huku.

Kibokoni_Msa
Mzizima, hapo sina la kupinga.

Mpiga Chapa
Hoja nzito. Ila nisiache watu na picha kwamba kila kitu cha kale kilipakwa kwa mkono mwanzo mwisho. Pierre-Joseph Redouté, yule wa mawaridi, aliyewachorea akina Joséphine mke wa Napoleon, kazi zake kubwa kama Les Roses ya 1817 hadi 1824 zilichapwa kwa rangi moja kwa moja kutoka kwenye bamba. Bamba la shaba lilidonolewa nukta ndogondogo badala ya mistari, halafu fundi akaweka wino wa rangi tofauti kwenye bamba hilo hilo kwa vijitambaa, jani kijani, petali waridi, kabla ya kila karatasi. Fikiria unaanza upya kila nakala! Brashi ilikuja mwishoni kugusia tu. Kwa hiyo ukikuta Redouté ya kweli, nukta utaziona, lakini ni nukta za fundi, hazijapangwa kama chandarua. Na msinunue Redouté ya pauni 18. Hiyo haipo.

Mama Vitabu
Umemtaja Redouté, na mimi nimtaje wangu. Elizabeth Blackwell. Mumewe Alexander alifungwa London kwa madeni. Bibi huyu akasikia madaktari wanataka kitabu kipya cha mimea ya dawa chenye picha. Akahamia karibu na bustani ya dawa ya Chelsea, akawa anachora mimea hai. Picha 500. Alizichora yeye, akazichonga kwenye shaba yeye, akazitia rangi yeye. Kazi ya watu wa aina tatu, kaifanya mtu mmoja. Michoro aliipeleka gerezani, mume akasaidia majina ya mimea. Kitabu kilitoka kwa vipande vipande kati ya 1737 na 1739, na pesa yake ikamtoa mume kifungoni.

Mume mwenyewe baadaye akaenda Sweden, akajiingiza kwenye mambo ya njama, wakamkata kichwa 1747. Sijui kwa nini sehemu hii ya hadithi inanikasirisha kuliko zote.

Kinyozi wa Kona
Mama wa watu kachonga shaba 500, jamaa kaenda kuchongea siasa. Wanaume bwana.

karafuu_maji
Nimesoma yote mara mbili. Sasa naomba mnijibu na lile nililolikwepa: ukingo wa kushoto uliochanika. Ni nini?

Mama Vitabu
Nilikuwa naomba usiulize.

Ni kitabu kilichochanwa. Jarida lile watu walilikusanya na kulijalidi kwa mwaka. Akapata mtu juzuu nzima, akaona kitabu kizima kinauzika kwa shida, lakini picha moja moja zinauzika kama maandazi. Akachukua kisu. Maelezo ya Hooker yaliyokuwa yamekaa mkabala na picha yako, yenye habari za Kirk na Sultani, yamekwenda kwenye taka. Ndiyo maana ilikubidi uje kutuuliza sisi Sultani ni nani. Jibu lilikuwa ukurasa wa pili.

Nimewahi kupokea juzuu maktabani limebaki maandishi matupu, kila picha imekatwa kwa wembe. Nilikaa nayo mezani siku nzima.

karafuu_maji
Najisikia kama nimenunua kuku wa wizi.

Mama Vitabu
Hapana mwanangu. Imeshachanwa, huwezi kuirudisha. Itunze tu. Ila ukikuta juzuu zima, hata la jalada bovu, usimnunulie anayetaka "kukusaidia kutoa nzuri".

Mpiga Chapa
Na jinsi ya kuitunza: usiiweke ukuta unaopigwa na jua, rangi za maji hupauka, nyekundu hutangulia. Fremu iwe na kadibodi isiyo na asidi, tena iwe na dirisha la kadibodi mbele ili picha isigusane na kioo. Usitumie selotepu. Madoa ya kahawia ukiyaona usiyasugue.

Mjukuu wa Usambara
Na usipeleke kwenye laminesheni. Nasema kwa sababu mjomba wangu alipata ramani ya zamani ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya sasa, akaipeleka stesheneri mjini "ili isiharibike". Imekuwa kama kitambulisho. Haitoki tena humo mpaka kiama.

Kinyozi wa Kona
Mjomba alikuwa na nia njema 😭

karafuu_maji
Mrejesho. Nimempigia mama Unguja kwa video, nikamwekea picha mbele ya kamera. Akatazama sana, nikadhani mtandao umekwama. Akaniuliza, "Umelipa ngapi?" Nikamdanganya, nikasema tano. Akasema, "Majani kayapatia. Lakini kijani hiki kilitaka maji kidogo zaidi." Mama yangu alikuwa akishona na kutarizi kofia za viua, jicho lake halina huruma. Nikamwambia aliyepaka alikuwa akipaka karatasi elfu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi kajitahidi."

Kesho kutwa narudi kule gulioni kumuuliza mzee kama ana 7408, na kama ana yale maandishi aliyoyatupa.

Kinyozi wa Kona
Dau langu pauni 25 kwa Sultani. Leo leo.

karafuu_maji
Siuzi.